MRC: Ilivyoinuka, Ilivyopigwa Marufuku na Ilivyofunguliwa

Kila uchaguzi ukikaribia, pale barazani kwetu Msambweni hakosi mtu wa kuuliza: "Hivi MRC ingali imepigwa marufuku?" Mmoja atasema ndiyo, mwingine atasema mahakama iliifungua zamani, wa tatu ataanza kuzungumzia samaki, maana kuta zina masikio. Nimeona heri niyaandike yote mahali pamoja, kwa faida ya vijana waliokuwa wadogo wakati ule.

Jibu fupi ni hili: serikali iliipiga marufuku Mombasa Republican Council mwaka 2010. Mahakama Kuu ya Mombasa ikabatilisha amri hiyo Julai 2012, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo mwaka 2016. Lakini jibu fupi halielezi kwa nini vijana wengi wa Kwale walilifuata kundi hili.

Mizizi yake

Mwaka 1895 Waingereza waliafikiana na Sultani wa Zanzibar kuusimamia ukanda wa maili kumi wa Pwani kwa kumlipa kodi kila mwaka. Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walibadilishana barua, na ukanda ukawa sehemu ya Kenya. Serikali mpya iliahidi kulinda mahakama za kadhi na kutambua hatimiliki za ardhi zilizokwisha kusajiliwa.

Hilo la hatimiliki ndilo lililotuumiza sisi. Tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1908, waliosajili mashamba ni wale waliokuwa na karatasi na waliojua njia ya kwenda afisini. Mdigo na Mduruma waliolima ardhi ya mababu bila karatasi walibaki maskwota. Baadaye hoteli zikapangana ufukweni Diani, na mtoto wa mvuvi akawa anatafuta kijia cha kufikia bahari aliyozaliwa nayo.

Ghadhabu hiyo iliwahi kulipuka vibaya. Usiku wa 13 Agosti 1997, vijana waliokuwa wakikusanyika Kaya Bombo walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi sita na kuiba bunduki, kisha wakawageukia watu wa bara. Watu zaidi ya mia moja waliuawa, na maelfu kwa maelfu wakayahama makao yao. Jirani yetu mmoja, fundi cherehani kutoka bara aliyenishonea sare yangu ya shule, aliondoka na watoto wake alfajiri na hakurudi tena. Mashamba hayakurudi pia. Waliofaidika, kama kuna waliofaidika, ni wanasiasa wa msimu ule wa uchaguzi.

Kuinuka kwa MRC

MRC ilianzishwa mwaka 1999, lakini ilisikika sana kuanzia 2008, baada ya vurugu za uchaguzi. Mwenyekiti wake alikuwa Omar Mwamnuadzi, na katibu wake Randu Nzai Ruwa. Hoja yao kuu ilikuwa kwamba makubaliano ya 1963 hayakuwa halali, kwa hiyo "Pwani si Kenya". Maneno hayo matatu yaliandikwa kwenye kuta hadi mitaa ya ndani kabisa.

Viongozi wake walisema hawataki vita. Hata hivyo, tusifiche: ndani ya mazungumzo ya wafuasi kulikuwa na sauti ya "wenyeji kwanza, wageni watoke". Huko Ulaya sauti kama hiyo huhesabiwa kuwa ya mrengo mkali wa kulia. Kwetu ilichanganyika na dai la haki la ardhi, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kuipima.

Marufuku

Oktoba 2010 serikali ilitangaza katika gazeti rasmi kwamba makundi 33 ni haramu chini ya sheria ya kuzuia uhalifu wa kupangwa. MRC iliwekwa kapu moja na Mungiki, Chinkororo na vijana wa Kaya Bombo. Yalikuwa majina kwenye orodha tu, bila kesi iliyosikilizwa kwanza.

Ruwa na wenzake wakaenda mahakamani. Majaji watatu waliona kwamba marufuku ile ilivuka mpaka ambao Katiba inaruhusu haki ya kujumuika ibanwe. Waliwashauri MRC wajisajili kama chama cha siasa ili wapeleke hoja yao kwa wananchi.

Ushauri huo ulikuwa na mtego. Ibara ya 91 ya Katiba inakataza chama kilichojengwa juu ya dini, kabila au eneo. MRC bila Pwani si MRC. Wazee wetu walikwisha kuona jambo kama hilo mwaka 1992, Chama cha Kiislamu cha Kenya (IPK) kiliponyimwa usajili.

Oktoba 2012, miezi michache tu baada ya kufunguliwa, Mwamnuadzi alikamatwa Kombani. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa Machi 2013, polisi waliuawa Mombasa na Kilifi. Serikali iliielekezea MRC lawama, nayo ikakana. Tangu hapo kundi lilififia, ingawa msako wa vijana haukuisha upesi.

Nani apige marufuku?

Ujerumani, iliyoonja Unazi, haimwachii waziri uamuzi wa kukifuta chama. Kazi hiyo ni ya Mahakama ya Katiba. Mwaka 1952 ilikifuta Sozialistische Reichspartei, chama kilichofuata nyayo za Wanazi. Mwaka 2017 ilikataa kukifuta NPD: ilisema malengo yake yanapingana na Katiba, lakini hakina nguvu ya kuyatimiza. Ushahidi kwanza, hukumu baadaye.

Sisi tulifanya kinyume. Kundi lilipigwa marufuku kwanza, ushahidi ukatafutwa baadaye, na mahakama haikuridhika nao. Wakati huo wote kijana wa kawaida hakujua kama kuvaa fulana yenye maneno fulani ni kosa au si kosa. Na mtu wa bara aliyefungua duka Ukunda hakujua kama jirani yake ni rafiki au la.

Mimi sikubali kwamba Pwani ijitenge. Wala sitaki kuona tena jirani akiondoka alfajiri na mabegi kichwani. Lakini barazani, hao wanaouliza habari za MRC ni walewale wanaoniuliza hatimiliki zao zitatoka lini. Swali la kwanza mahakama ilishalijibu. La pili linangoja afisi ya ardhi.