Nairobi X

Nairobi X ni mchezo wa video wa mapigano ya bunduki uliotengenezwa Kenya na studio ya Black Division Games, chini ya Andrew Kaggia, na kutolewa mwaka 2015. Viumbe kutoka anga za mbali wameivamia Nairobi, na mchezaji anashika nafasi ya Otero, kiongozi wa kikosi maalumu. Hamwoni Otero, anaona kwa macho yake, mtutu wa bunduki ukiwa umetangulia mbele ya skrini. Jambo kubwa hapa ni mahali: unaookolewa si New York tena, ni mji wa Afrika Mashariki.

Nairobi X haikuzuka peke yake: mwaka 2011 Kaggia alikuwa ametoa Wageuzi, katuni ya 3D ambamo wanasiasa wa Kenya ni magari yanayojigeuza kuwa maroboti na kupigania njia ya Ikulu. Kabla yake, filamu fupi ya mwongozaji Mkenya Wanuri Kahiu, Pumzi (2009), ilionyesha dunia iliyokauka baada ya vita vya kugombea maji.

Visa vya michezo kama hii si vya Nairobi pekee: kusini mwa Tanzania, mji wa Songea una kisa kinachostahili mchezo wake. Vita vya Majimaji (1905–1907) viliwakutanisha wapiganaji walioamini kwamba dawa ya maji ingezuia risasi, na jeshi la wakoloni Wajerumani lenye bunduki za rashasha. Viongozi wengi wa Wangoni, kabila la eneo hilo, walinyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906. Mtunzi atakayekishika kisa hiki aanzie Makumbusho ya Majimaji mjini humo, kwenye kaburi la pamoja la mashujaa hao.