Sumu ya Mshale na Moyo wa Mbwa

Kuna panya mmoja nchini Kenya, mwenye mshungi wa nywele mgongoni, ambaye mbwa akimng'ata hutokwa na povu, hupepesuka, na mara nyingine huanguka akafa moyo ukiwa umesimama. Wenye mbwa walilijua hilo zamani. Sayansi iliwafuata mwaka 2011, pale Jonathan Kingdon, Fritz Vollrath na wenzao walipoeleza kwamba panya huyo hutafuna magome ya mti wa Acokanthera, kisha hujipaka mate yenye sumu kwenye nywele za ubavuni. Mwenyewe hadhuriki.

Sumu ya mti huo haikuwa ngeni Tana River. Kuanzia pande za Hola na Garsen hadi nyika ya Galana na Tsavo, Wawaata, ambao wengi huwaita Wasanye, waliitegemea kuwinda. Vipande vya mti na mizizi vilichemshwa kwa saa nyingi mpaka ukabaki uji mweusi mzito kama lami. Ulipakwa kwenye mshale, ukazungushiwa ngozi nyembamba ili usikauke wala kumdhuru mwindaji. Kwa mshale wa namna hiyo waliangusha hata tembo.

Wazungu nao walivutiwa na sumu za mishale. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea katika msafara wa Livingstone huko Zambezi, alibeba sumu ya mmea mwingine, Strophanthus, pamoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki alisikia uchungu mdomoni, na mapigo ya moyo wake yakapungua. (Ndiye Kirk aliyekuja kuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar.) Kule Edinburgh, Thomas Fraser aliichunguza sumu hiyo, na kufikia 1885 ilikuwa imeingia katika tiba ya moyo wa binadamu. Mwaka 1888 Arnaud, mkemia wa Paris, akapata uabaini, kiini cha sumu, kutoka Acokanthera.

Siri ya jinsi uabaini inavyofanya kazi ilifumbuka polepole. Mwaka 1957 Jens Skou wa Denmark alichapisha habari za pampu ndogo inayotoa sodiamu ndani ya seli, na baadaye uabaini ikamsaidia kuitambua, kwa kuwa huizuia. Pampu ikizuiwa kidogo, kalisiamu huongezeka ndani ya misuli ya moyo nao hujikunja kwa nguvu zaidi. Ikizuiwa mno, mapigo huvurugika. Skou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Na mwaka huohuo wa 1957, Wawaata walikuwa wakisakwa na kufungwa jela katika kampeni ya kupambana na ujangili huko Tsavo iliyoongozwa na David Sheldrick. Sioni ajabu kwamba majina yao hayamo katika vitabu vya famasia, lakini naona ni haki kuyaweka mambo hayo mawili ukurasa mmoja.

Moyo wa mbwa ulifaidika kupitia ndugu wa sumu hiyo: digoksini, iliyopatikana 1930 kutoka jamii ya mmea ambao William Withering aliuandikia kitabu mwaka 1785. Vali ya moyo iitwayo mitrali ikinenepa, damu hurudi nyuma, mapafu hujaa maji, na mbwa hukohoa na kuhema hata amelala. Mgonjwa wa aina hii kwa kawaida ni mbwa mdogo wa nyumbani aliyezeeka, si yule wa zizini Galole, huko Tana River. Leo hupewa furosemaidi ya kutoa maji, pamoja na pimobendani, ambayo haigusi pampu ya Skou bali huifanya misuli iitumie vizuri kalisiamu iliyopo. Utafiti uliochapishwa 2016, wenye mbwa 360, ulionyesha kwamba pimobendani ikianzwa mapema, moyo ukiwa umepanuka tu, huchelewesha moyo kushindwa kwa takriban miezi 15.

Digoksini imebaki hasa kwa mbwa ambao vyumba vya juu vya moyo hutetemeka ovyo. Daktari wa mifugo hupima kiwango chake katika damu, na mwenye mbwa huambiwa aangalie bakuli la chakula: mbwa akisusa kula na kuanza kutapika, huenda dozi imezidi.