Mwezi ulikuwa wapi mtoto alipozaliwa? Unajimu wa Kihindi unavyosoma nyota ya mwanao

Dar es Salaam. Ukipita Mbagala, Tandika au Tandale, vibao vya "kusafisha nyota" vimebandikwa hadi kwenye nguzo za umeme. Sasa wazazi wengine wameongeza njia nyingine: wanapakua programu ya unajimu wa Kihindi, wanajaza siku, saa na mahali alipozaliwa mtoto, kisha wanasomewa "Mwezi" wake.

Huo si unajimu uliozoeleka pwani. Kwa mtindo aliouvumisha marehemu Sheikh Yahya Hussein wa Magomeni, aliyefariki Mei 20, 2011, watu wengi wanajua nyota inayohesabiwa kwa majina. Herufi za jina la mtoto na la mama yake zinageuzwa kuwa namba za abjadi, zinajumlishwa, jumla inagawanywa kwa 12. Ikibaki 5, mtoto ni Asadi, yaani Simba. Saa ya kuzaliwa haina kazi hapo.

Kwa Wahindi ni kinyume chake. Mwezi ndio unaotoa jina. Wanaangalia ulikuwa kwenye nyota gani kati ya 12 (unakaa kama siku mbili na robo kwa kila moja), na kwenye kituo kipi kati ya 27 vinavyoitwa nakshatra, ambapo unakaa takriban siku moja. Kila kituo kina robo nne, na kila robo ina silabi yake. Aliyezaliwa Mwezi ukiwa Rohini hupewa jina linaloanza na O, Va, Vi au Vu. Kwa Wahindu wenye asili ya Gujarat, ambao wapo wengi Dar, anayetamka jina hilo ni shangazi wa mtoto, dada wa baba.

Zaidi ya jina, Mwezi unasemwa kuwa ndio akili, hisia na uhusiano wa mtoto na mama. Ukiwa nyumba ya nne, mtoto anatajwa kuwa wa mama sana. Ukiwa nyumba ya sita, ya nane au ya 12 na ukakutana na sayari mbaya, vitabu vyao vinaita balarishta: hatari kwa afya ya mtoto utotoni. Hapo ndipo wazazi wanapoanza kukosa usingizi.

Kabla ya kuogopa, kuna jambo dogo ambalo linawaangusha watumiaji wengi wa Kiswahili. Saa. Mtoto aliyezaliwa Temeke saa 2 asubuhi, kwenye programu ni 08:00. Mzazi akiandika 2:00, amerudi nyuma saa sita. Kwa muda huo Mwezi unasogea nyuzi kama tatu, karibu robo nzima ya kituo, kwa hiyo silabi ya jina inaweza kubadilika. Nyumba ndizo zinazovurugika zaidi, maana zinahama kama tatu hivi. Mwezi uliokuwa nyumba ya tano unaweza kusomeka uko ya nane, na mtoto mzima wa afya akapewa balarishta ya bure! Kwa saa 2 usiku kosa linaweza kufika saa 18.

Na hata saa ikiwa sahihi, je, inatabiri? India kwenyewe walijaribu. Mwanafizikia wa anga Jayant Narlikar na wenzake walikusanya chati za watoto 200, nusu wakiwa wanafunzi hodari na nusu wenye ulemavu wa akili. Wanajimu 27 walirudisha majibu, kila mmoja akiwa amepewa chati 40 azitenganishe. Walipatia kwa wastani asilimia 46. Ukirusha shilingi, unapata kama 50. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009.

Kumpa mtoto jina la Mwezi hakuna ubaya, ni mila nzuri tu. Tatizo ni pale mtoto anapougua na mzazi anaanza na nyota. Pwani hii degedege limehusishwa kwa miaka mingi na shetani mwenye umbo la ndege, na wapo wanaolifungamanisha na mwezi mpevu. Utafiti wa Bagamoyo uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kina mama walijua kabisa kuwa degedege linaua, lakini wengi walianzia kwa mganga, wakati mara nyingi ugonjwa wenyewe ni malaria kali.

Degedege, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kulegea au kupoteza fahamu: hizi ndizo dalili za hatari wanazofundishwa wahudumu wa afya kuziangalia kwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Ukiona hata moja, mpeleke hospitali muda huo huo, hata kama ni usiku.