Kutoka Mpiga Gita wa Pekee hadi Bendi: Kiswahili katika Nyimbo za Gita za Kenya

Wachunguzi wa fasihi simulizi ya Kiswahili wamezoea kuushughulikia wimbo wa gita kama wanavyolishughulikia shairi: maneno huandikwa, beti huhesabiwa, na jina la mtunzi mmoja huwekwa juu yake. Utaratibu huo unamfaa mpiga gita wa pekee, lakini hauifai bendi. Makala hii inakusudia kuonyesha jinsi muziki wa gita nchini Kenya ulivyotoka mikononi mwa mtu mmoja ukawa kazi ya kundi, na jinsi mageuzi hayo yalivyoiathiri lugha ya nyimbo zenyewe.

Hatuna budi kuanzia nje ya mipaka ya Kenya. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda katika mji wa Jadotville, ambao leo huitwa Likasi, huko Katanga. Mwenda alipiga gita kwa vidole viwili: kidole gumba kilishika sauti nene, na kidole cha shahada kilicheza sauti nyembamba juu yake, hata msikilizaji asiyemwona angedhani kwamba wapigaji ni wawili. Santuri zake zilienea Afrika Mashariki, na baadaye yeye mwenyewe alifika Nairobi. Mtindo huo wa vidole uliwaathiri sana vijana wa Kenya. Magharibi mwa nchi, George Mukabi aliupa sura ya kienyeji iliyojulikana kwa jina la omutibo, huku mwenzake akikwaruza chupa ya soda ili kuhifadhi mapigo.

Sifa kuu ya mwimbaji wa namna hii ni kwamba yeye ndiye mwenye saa. Akitaka kurefusha mshororo, gita humngoja. Akitaka kuingiza neno la lugha yake ya mama, hamna wa kumzuia. Ndiyo sababu Mwenda aliimba katika Kiswahili cha Katanga, ambacho upatanisho wake wa ngeli hautii kanuni za Kiswahili sanifu, naye Mukabi alichanganya Kiswahili na Kiluhya pasipo wasiwasi. Lugha ya wimbo ilikuwa lugha ya mtu.

Miaka ya 1960 ilileta sura nyingine. Katika studio ya Equator mjini Nairobi lilikusanyika kundi lililoongozwa na Fadhili William, ambamo walikuwamo Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Tukiichunguza bendi ya gita za umeme kwa makini, tutaona kwamba haikuzaliwa kutokana na utupu. Kazi ya kidole gumba alipewa mpiga besi. Kazi ya kidole cha shahada alipewa mpiga gita la solo. Kazi ya chupa ilichukuliwa na ngoma. Bendi, kwa hiyo, ni mkono wa mtu mmoja uliogawiwa watu wengi.

Hata hivyo, ugawaji huo ulikuwa na masharti yake. Watu wengi hawawezi kumngoja mmoja arefushe mshororo apendavyo. Ilibidi urefu wa ubeti ukubaliwe mapema, kiitikio kijulikane, na nafasi ya gita kujibu sauti itengwe. Wako wasemao kwamba hapo ndipo bendi ilipoyaua maneno. Dai hilo linahitaji kutazamwa upya. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 ulibeba takriban dakika tatu tu, nao ulimbana mpiga gita wa pekee sawasawa na ulivyoibana bendi. Kilichobadilika hasa si wingi wa maneno, bali ni mwenye mamlaka juu yake.

Na mamlaka hayo yalipohamia kwa kundi, Kiswahili kilipata faida. Fadhili William alikuwa Mtaita, Kabaka Mluhya, Omolo Mluo, na wale wawili walitoka Zambia. Hawakuwa na lugha ya mama moja. Mwimbaji wa pekee angeweza kuegemea lahaja yake. Wao walilazimika kutunga kwa Kiswahili ambacho kila mmoja angeweza kukiitikia na ambacho mnunuzi wa Mombasa, Kisumu au Kampala angekielewa. Kabla ya kuwa lugha ya tamasha, Kiswahili cha bendi kilikuwa lugha ya mapatano.

Mazoea ya kumtaja mtu mmoja hayakufa. Katika miaka ya 1970 Omolo alijulikana pamoja na kundi lake la Apollo Komesha, jina lake likitangulia na kundi likifuata. Mazoea haya yana madhara. Wimbo "Malaika", ambao Fadhili William aliurekodi, umedaiwa na wengine, akiwemo Adam Salim, na ubishi juu ya mtunzi wake umedumu kwa miaka mingi. Twaweza kuuliza kama swali lenyewe limeulizwa vyema. Maneno, sauti na mapigo ya gita huenda yakawa na wenyewe mbalimbali, ilhali karatasi ya santuri ina nafasi ya jina moja.

Inafaa, basi, wakusanyaji wa nyimbo hizi waandike zaidi ya maneno: nani aliitikia, gita lilijibu wapi, na ubeti ulikatwa kwa sababu gani. Mukabi alifariki mwaka 1963, Mwenda mwaka 1990, Fadhili William na Kabaka mwaka 2001. Majina yao yamehifadhiwa. Wanaosahaulika upesi ni wale waliosimama nyuma yao, na sehemu ya historia ya Kiswahili inasahaulika pamoja nao.