Mpinzani wa Pamoja kama Kipimo: Titus Simba, Hassan Mwakinyo na Ulinganishaji wa Mabondia wa Uingereza wa Zama Mbili, kwa Kutazamia Bonde la Kilombero

Utangulizi

Kulinganisha mabondia wa zama tofauti ni kazi ambayo wapenzi wa ngumi huifanya kwa wepesi na wanahistoria huikwepa. Mkimbiaji ana saa. Filbert Bayi alipokimbia mita 1500 kwa muda wa 3:32.2 mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974, aliacha namba ambayo mkimbiaji wa zama zozote anaweza kuwekwa kando yake, ingawa viatu na njia za kukimbilia vimebadilika tangu hapo. Bondia haachi namba ya aina hiyo. Anachoacha ni orodha ya watu aliopigana nao. Ubora wake husomwa kupitia ubora wao, na ubora wao nao husomwa kupitia watu wengine.

Makala hii inakipima kipimo hicho, yaani mpinzani wa pamoja, kwa kutumia Watanzania wawili. Titus Simba alipigana na Waingereza wawili, Chris Finnegan na John Conteh, katika miaka ya 1968 na 1970. Hassan Mwakinyo alipigana na Waingereza wawili, Sam Eggington na Liam Smith, katika miaka ya 2018 na 2022. Katika kila jozi, Waingereza hao wawili walikuja kukutana wao kwa wao. Mpangilio huo hautokei mara nyingi, na unamwezesha mtafiti kuuliza maswali mawili kwa pamoja: nani alikuwa bora miongoni mwa Waingereza hao, na Watanzania waliowapima walikuwa na uzito gani.

Jibu linalotolewa kwa kawaida kuhusu swali la pili ni kwamba Mwakinyo yuko juu, kwa kuwa alimpiga Mwingereza nchini Uingereza, ilhali Simba alishindwa mara zote mbili. Hoja ya makala hii ni kwamba jibu hilo haliwezi kusimama juu ya msingi huo, na kwamba sehemu kubwa ya nguvu yake inatokana na namna habari zilivyowafikia Watanzania, wala si yaliyotokea ulingoni.

Ifakara kama mahali pa kutazamia

Bonde la Kilombero halikuchaguliwa kwa sababu lilihusika na mapambano hayo. Bondia mkubwa aliye karibu nalo zaidi ni Francis Cheka wa Morogoro, mji mkuu wa mkoa ambamo Ifakara imo. Ushindi wa Cheka unaotajwa sana, wa Agosti 2013 katika ukumbi wa Diamond Jubilee jijini Dar es Salaam, ulikuwa dhidi ya Mmarekani Phil Williams, na kwa hiyo uko nje ya kipimo kinachojadiliwa hapa. Bonde limechaguliwa kwa sababu linaonyesha kwa uwazi jinsi umbali kutoka ulingoni unavyobadilisha ushahidi.

Michezo ya Jumuiya ya Madola ilifanyika Edinburgh Julai 1970, wakati wakulima wa mpunga wa Kilombero wanapomalizia kuvuna. Uzinduzi wa ujenzi wa reli ya TAZARA, ambayo ingepita Ifakara na Mlimba, ulifanyika Oktoba mwaka huohuo. Tanzania Bara haikuwa na televisheni, na haingekuwa nayo hadi miaka ya 1990. Habari za ngumi zilikuja kwa Radio Tanzania Dar es Salaam na kwa magazeti kama Uhuru na Ngurumo, yaliyosafiri kwa barabara kupitia Mikumi na Kidatu. Habari ya aina hiyo ilikuwa na mambo matatu: jina la mshindi, jina la aliyeshindwa na namna matokeo yalivyopatikana. Mguu ulivyosogezwa, jinsi konde lilivyokwepwa, raundi ipi ilikuwa ngumu kwa nani, hayo hayakusafiri.

Septemba 2018 hali ilikuwa nyingine kabisa. Birmingham na Ifakara zilipishana kwa saa mbili tu, na pambano la jioni ya Jumamosi nchini Uingereza liliweza kutazamwa kabla ya watu kulala, kisha kurudiwa katika simu mara nyingi kadiri mtu alivyotaka. Mwakinyo anaonekana akishinda. Simba anasomwa akishindwa. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza kati yao, na haihusiani na ngumi.

Simba, Finnegan na Conteh

Katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City ya Oktoba 1968, Simba alipangwa na Finnegan katika uzito wa kati, ambao kwa ngumi za ridhaa ulikuwa na kikomo cha kilo 75. Alishindwa kwa pointi. Finnegan, aliyepigana kwa mtindo wa mkono wa kushoto, aliendelea hadi akatwaa medali ya dhahabu, akimshinda Aleksei Kiselyov wa Umoja wa Kisovieti katika fainali kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Njiani, katika robo fainali, alimshinda kijana wa Yugoslavia aitwaye Mate Parlov. Jina hilo litarejewa.

Miaka miwili baadaye, Edinburgh, Simba alifika fainali ya uzito huohuo na kukutana na John Conteh, kijana wa Liverpool mwenye umri wa miaka 19 ambaye baba yake alitoka Sierra Leone. Conteh alishinda, Simba akarudi na medali ya fedha. Mwaka uliofuata Conteh aliingia katika ngumi za kulipwa, na Oktoba 1974 alimshinda Jorge Ahumada wa Argentina jijini London na kuwa bingwa wa dunia wa WBC katika uzito wenye kikomo cha kilo 79.4.

Kabla ya hapo Conteh alikuwa amekutana na Finnegan mara mbili. Mei 1973 alimshinda kwa pointi baada ya raundi 15, katika pambano la mataji ya Uingereza, Jumuiya ya Madola na Ulaya. Mei 1974 alimshinda tena, pambano likisimamishwa katika raundi ya 6 kutokana na jeraha alilopata Finnegan vichwa vilipogongana. Kwa kipimo cha mpinzani wa pamoja, matokeo yananyooka. Simba alishindwa na wote wawili, na kati ya hao wawili Conteh ndiye aliyekuwa juu.

Hata hivyo, mnyororo huo una kiungo kinachouvunja. Juni 1978, mjini Belgrade, Conteh alijaribu kuurudisha ubingwa wa WBC na akashindwa kwa pointi, majaji wakigawanyika. Aliyemshinda alikuwa Mate Parlov, yuleyule ambaye Finnegan alimshinda Mexico. Basi Finnegan alimshinda Parlov, Conteh alimshinda Finnegan, na Parlov alimshinda Conteh. Mtafiti anayefuata kanuni kwamba anayemshinda mshindi ni bora kuliko mshindi huyo atazunguka duara bila kufika popote.

Duara hilo halikifanyi kipimo kuwa bure. Linaonyesha kitu ambacho kipimo kimekiacha nje, nacho ni wakati. Parlov wa 1968 alikuwa bado anajifunza. Miaka minne baadaye, Munich, alikuwa bingwa wa Olimpiki. Conteh wa 1978 alikuwa ameshavunjika mkono, ameshavuliwa ubingwa mwaka uliotangulia baada ya mvutano wa pambano alilopaswa kupigana, na amepoteza sehemu ya kasi iliyomfanya awe Conteh. Majina matatu yanayoonekana katika duara si mabondia watatu. Ni angalau watano, kwa kuwa mtu mmoja katika miaka kumi ya ngumi huwa zaidi ya bondia mmoja. Kwa sababu hiyo, wanaolinganisha mabondia wakubwa husisitiza kwamba kila mmoja achukuliwe akiwa katika kilele cha ubora wake. Sharti hilo ni la haki, lakini pia hutumiwa vibaya: mpenzi wa bondia fulani huweza kulitangaza kila pambano lililopotea kuwa nje ya kilele, mpaka kilele kibaki na ushindi peke yake.

Mwakinyo, Eggington na Smith

Mwakinyo, bondia wa Tanga, aliitwa Birmingham kwa taarifa ya muda mfupi kuziba nafasi ya mpinzani mwingine. Tarehe 8 Septemba 2018, katika usiku ambao pambano kuu lilikuwa la Amir Khan na Samuel Vargas, alimpiga Sam Eggington na mwamuzi akasimamisha pambano katika raundi ya 2. Eggington alikuwa akipigana karibu na kwao, Stourbridge, na mwaka uliotangulia alikuwa ameushika ubingwa wa Ulaya na kuupoteza. Wenyeji wengi walimchukulia Mwakinyo kuwa mgeni aliyeletwa kushindwa. Ilikuwa kinyume chake, na heshima aliyoipata nyumbani alistahili.

Liam Smith wa Liverpool, aliyekuwa bingwa wa dunia wa WBO kati ya 2015 na 2016 katika uzito wa kilo 69.9, alipigana na Eggington Machi 2019, zaidi ya miezi sita baada ya usiku ule wa Birmingham. Smith alishinda katika raundi ya 5. Tarehe 3 Septemba 2022 Smith alikutana na Mwakinyo mjini Liverpool, na pambano likaisha katika raundi ya 4 baada ya Mtanzania huyo kupiga goti. Mwakinyo alieleza baadaye kwamba viatu vilimsumbua na kifundo cha mguu kiliumia. Maelezo hayo yalizua ubishi mrefu nchini. Kwa madhumuni ya ulinganishaji, yanatosha kuonyesha kwamba pambano lile lilipima kidogo kuliko lilivyotarajiwa.

Mnyororo huu nao umenyooka: Smith juu, Mwakinyo katikati, Eggington chini. Hakuna Parlov wa kuuvunja. Lakini unyoofu wake unatokana na ufupi wake, na mtafiti hapaswi kuuchukua kama ushahidi wenye nguvu zaidi kuliko ule wa miaka ya 1970.

Kilele cha nani kilipimwa?

Conteh na Smith ni watu wa mji mmoja, wote walikuwa mabingwa wa dunia, na wote walimshinda Mtanzania. Ulinganishaji wa kilele unawatenganisha kwa namna isiyotarajiwa. Simba alikutana na Conteh akiwa anapanda, miaka minne kabla ya ubingwa wa dunia. Mwakinyo alikutana na Smith akiwa na umri wa miaka 34, miaka sita baada ya Canelo Álvarez kumnyang'anya mkanda. Smith hakuwa amekwisha, kwani Januari 2023 alimpiga Chris Eubank Mdogo katika raundi ya 4, lakini bingwa aliyekuwa na mkanda hakuwa tena yeye. Kwa hiyo, hakuna Mtanzania kati ya hawa wawili aliyempima bingwa wa Liverpool wakati mkanda uko kiunoni mwake. Anayesema kwamba Conteh alimshinda Simba kwa pointi huku Smith akimmaliza Mwakinyo, na kwa hiyo Smith ni mkali zaidi, anasahau pia kwamba pambano la kwanza lilikuwa la ridhaa, raundi tatu tu, na uzito tofauti.

Pambano pekee kati ya manne ambalo lilimkuta Mwingereza kileleni, kwa kanuni za mchezo uliokuwa ukichezwa, ni lile la Mexico. Finnegan wa Oktoba 1968 alikuwa bondia bora wa ridhaa duniani katika uzito wake, na medali inathibitisha. Baadaye, Septemba 1972, alimsogeza Bob Foster hadi raundi ya 14 katika pambano la ubingwa wa dunia kabla ya kuangushwa. Simba ndiye aliyekutana na mtu huyo, na miaka miwili baadaye akakutana na mtu aliyekuja kumshinda mtu huyo mara mbili. Hakufika fainali ya Edinburgh kwa huruma ya ratiba pekee. Nusu fainali ilimbidi aishinde ulingoni.

Kushindwa na wakubwa hakumfanyi mtu kuwa mkubwa, na makala hii haidai hivyo. Madai ni madogo zaidi. Ushindi mkubwa wa Mwakinyo uliopimwa hapa ulikuwa dhidi ya aliyekuwa bingwa wa Ulaya. Vipigo viwili vya Simba vilitoka kwa bingwa wa Olimpiki na kwa bingwa wa dunia mtarajiwa. Kwa kigezo cha wapinzani, Simba hawezi kuwekwa chini ya Mwakinyo kwa sababu tu mmoja alishinda na mwingine akashindwa. Anayetaka kumweka chini itambidi alete kigezo kingine, na kwa zama za Simba vigezo vingine vingi vingehitaji kuonekana kwa macho.

Hapo ndipo Ifakara inaporudi katika hoja. Katika vitabu vya rekodi vya Uingereza, Simba ni mstari mmoja katika safari ya Finnegan na mstari mmoja katika safari ya Conteh. Kwa msikilizaji wa redio wa mwaka 1970 alikuwa mstari mmoja vilevile, tofauti ikiwa kwamba mstari huo ulisomwa kwa Kiswahili na uliishia kwa neno fedha. Mtoto wa Kilombero aliyeusikia mwaka huo akiwa na umri wa miaka 10 alikuwa na miaka 58 Mwakinyo alipompiga Eggington. Mtu huyo aliishi zama zote mbili, lakini bondia mmoja alimjua kwa sikio na mwingine kwa jicho.