Rubani Ndani ya Kifaru: Uratibu wa Vikosi vya Ardhini na Ndege za Kivita, 1941–1944

Asubuhi ya tarehe 25 Julai 1944, takriban ndege 1,500 za mabomu mazito za Marekani zilivuka bahari kutoka Uingereza kwenda Normandy, zikiwa na kazi ya kuvunja ulinzi wa Wajerumani kusini mwa barabara iendayo kutoka Saint-Lô hadi Périers. Operesheni hiyo iliitwa Cobra. Sehemu ya mabomu iliangukia kaskazini mwa barabara, juu ya askari wa Marekani waliokuwa wakisubiri amri ya kusonga mbele. Waliuawa 111 na kujeruhiwa 490. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo Luteni Jenerali Lesley McNair, aliyekuwa amefika mstari wa mbele kushuhudia shambulio. Siku iliyotangulia, mabomu ya ndege za jeshi hilohilo yalikuwa yameua askari 25 na kujeruhi 131. Hata hivyo, kabla juma halijaisha, vifaru vya jeshi lilelile vilikuwa vikielekea kusini huku ndege nne zikizunguka juu ya kila safu. Zilishambulia mizinga na magari ya adui mbele kidogo ya vifaru hivyo, kwa maelekezo yaliyotoka ndani ya kimojawapo cha vifaru vyenyewe.

Jeshi lilikuwa moja, juma lilikuwa moja na adui alikuwa mmoja. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa ubora wa ndege peke yake, ingawa maandishi mengi ya historia ya kijeshi huanza na kuishia hapo: kasi ya ndege, uzito wa bomu, idadi ya safari. Hoja inayojengwa katika insha hii ni kwamba msaada wa karibu wa anga ulitegemea zaidi jibu la swali la kiutawala: nani, akiwa wapi na akiona nini, alikuwa na haki ya kuzungumza na rubani moja kwa moja? Pale ambapo haki hiyo ilibaki makao makuu, mabomu yalichelewa au yalipotea. Pale iliposhushwa hadi kwa mtu aliyeona kile ambacho rubani alikiona, ndege ikawa silaha ya askari wa miguu.

Swali lenyewe lilikuwa la zamani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, marubani wa Uingereza walitumwa kutafuta mahali askari wao walipofika. Askari waliwasha fataki au kutandaza vitambaa ardhini ili waonekane, na mara nyingi hawakufanya hivyo, kwa sababu kilichomwonesha rubani kilimwonesha pia mpiga mizinga wa adui. Mtu aliyejificha handakini alitakiwa kujitangaza, na alihitaji sababu nzuri ya kukubali. Wajerumani walipiga hatua walipoanza kuweka maofisa wa anga pamoja na vikosi vya ardhini, kwanza Hispania na kisha Ufaransa mwaka 1940. Mlio wa ndege aina ya Stuka pale Sedan umeandikwa sana. Ofisa wa anga aliyekaa na redio yake karibu na makamanda wa vifaru hakuandikwa kwa kiasi hicho.

Kwa Waingereza, shule ilikuwa jangwa la Afrika Kaskazini, na ada yake ilikuwa kubwa. Baada ya kushindwa Ugiriki na Krete mwaka 1941, askari wa ardhini walilalamika kwamba hawakuziona ndege zao, na makamanda wa anga wakajibu kwamba ndege hazikuwapo ili kumtuliza kila askari aliyeogopa. Mwezi Septemba mwaka huo Winston Churchill aliingilia kati. Agizo lake lilikuwa na pande mbili: askari wasitarajie ndege za kuwalinda kila wakati kama jambo la kawaida, lakini vita vikikaribia, kamanda wa anga ampe mwenzake wa ardhini kila msaada uwezekanao, hata kama kuna shabaha nyingine zinazovutia zaidi. Agizo hilo lilipoza ugomvi wa wakubwa bila kumfundisha yeyote namna ya kuomba ndege.

Kazi hiyo ilifanywa na vituo vya udhibiti wa msaada wa anga vilivyoundwa mwaka huohuo, vyenye maofisa wa majeshi yote mawili. Kila brigedi ilipewa gari la redio lililoruka ngazi zote za kati na kupeleka ombi moja kwa moja kituoni. Huu ulikuwa uamuzi wa kijasiri kuliko unavyoonekana, kwa kuwa uliwanyima makamanda wa divisheni nafasi ya kushikilia ombi mezani. Wao walisikiliza tu, na ukimya wao ulihesabiwa kuwa idhini. Hata hivyo muda ulikuwa bado mrefu. Katika vita vya vifaru, shabaha iliyoombwa asubuhi ilikuwa imekwisha kuhama ndege zilipofika, na pengine mahali pake pamekaliwa na wenyeji wa upande wa mwombaji.

Mabadiliko yaliyofuata yalionekana Tunisia, karibu na El Hamma, tarehe 26 Machi 1943. Jeshi la Nane la Uingereza lilitaka kupenya njia nyembamba ya Tebaga, iliyolindwa kwa mizinga ya kupambana na vifaru. Harry Broadhurst, aliyeongoza jeshi la anga la jangwani, alikubali kutuma ndege nyepesi za mabomu kwa zamu zisizokatika, zikitangulia mbele ya askari wa New Zealand na vifaru vya Waingereza. Wakubwa wake wa anga walikuwa na shaka. Waliona ndege zingeteketezwa kwa kazi ambayo ni ya mizinga. Shambulio lilianza alasiri, jua likiwa nyuma ya washambuliaji na machoni pa walinzi. Mistari ya askari ilioneshwa kwa moshi wa rangi, na ndani ya gari la deraya lililokuwa mbele alikaa ofisa wa anga mwenye redio ya kuzungumza na marubani walio angani. Njia ilifunguka.

Gari lile ndilo lenye uzito katika historia hii. Aliyekuwa ndani yake hakuwa mpelekaji wa maombi ya watu wengine. Alijua namna ardhi inavyoonekana kutoka juu: kwamba kilima anachokiapia askari wa miguu huonekana bapa, na kwamba njia panda huonekana mapema kuliko handaki. Kwa hiyo alimweleza rubani kile ambacho rubani angeweza kukiona.

Huko Italia, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1943, jambo hilo liligeuzwa kuwa utaratibu. Vikundi vilivyoitwa Rover David, kwa jina la ofisa wa anga David Haysom, vilikaa mahali penye mwinuko, rubani mzoefu na ofisa wa jeshi la ardhini wakiwa bega kwa bega. Angani ndege zilizunguka kama teksi zilizopanga foleni zikisubiri abiria. Zisipoitwa kwa muda uliowekwa, ziliendelea na shabaha nyingine zilizopangiwa kabla, kisha nyingine zikashika nafasi. Rubani na mwongozaji walishika ramani na picha za anga zilizochorwa miraba ileile. Ilitosha kutaja mraba na kitu kimoja kilichomo, kama vile nyumba isiyo na paa, na wote wawili wakaweka kidole mahali pamoja. Utaratibu huo ulikula ndege nyingi. Foleni haikuwezekana bila ndege za ziada na bila anga lililosafishwa kwanza, na hilo ndilo lililowafanya makamanda wa anga waukubali kwa shingo upande.

Kwa msingi huo Cobra inaweza kusomwa upya. Ndege za mabomu mazito zilizoitwa na Jenerali Omar Bradley zilikuwa za jeshi la anga lenye makao Uingereza, ambalo kazi yake ya kila siku ilikuwa kupiga viwanda na reli za Ujerumani. Hazikuwa na mawasiliano ya redio na mtu yeyote ardhini. Katika mkutano wa tarehe 19 Julai, Bradley alitaka ndege zije sambamba na barabara, ili bomu likiwahi au likichelewa lisiwaangukie watu wake. Wapangaji wa anga walieleza kwamba eneo lililolengwa lilikuwa refu kando ya barabara lakini jembamba kwa kina, na ndege nyingi kiasi hicho zisingeweza kupita ubavuni kwa muda uliotolewa. Kuhusu umbali wa usalama pia walivutana: Bradley alitaka askari warudi nyuma mita 700 hivi, wanaanga wakataka karibu mita 2,700, wakakubaliana takriban mita 1,100. Kuhusu mwelekeo, kila upande uliondoka ukiamini kwamba umeeleweka. Tarehe 24 hali ya hewa ilipoharibika, amri ya kuahirisha ilitolewa wakati ndege zimekwisha kuruka, na haikuwafikia marubani wote. Tarehe 25 upepo wa kusini ulirudisha vumbi na moshi juu ya barabara ambayo ndiyo ilikuwa alama ya kulenga. Chini walikuwapo maelfu ya watu walioona kosa linakuja, na hata mmoja hakuwa na njia ya kumwambia rubani.

Wakati huohuo, Meja Jenerali Elwood Quesada, aliyeongoza ndege nyepesi zilizosaidia jeshi la Bradley, alikuwa amefanya naye mapatano mengine. Quesada alitoa marubani na redio za ndege. Bradley alitoa vifaru vya kuwabeba. Rubani aliyezoea kuruka aliketi sasa ndani ya kifaru na kuzungumza na wenzake kwa masafa na lugha yao. Si kwamba ndege nyepesi hazikukosea katika siku hizo, zilikosea. Lakini kosa lake lingeweza kusahihishwa kabla ya ndege ya pili kuinama. Tarehe 29 Julai, karibu na Roncey, misafara ya Wajerumani iliyokwama barabarani iliteketezwa kwa ushirikiano huo.

Inafaa kuongeza kwamba redio bila makubaliano ya alama haikutosha, na moshi bila makubaliano ulikuwa hatari kuliko kukosa moshi. Tarehe 14 Agosti 1944, kusini mwa Caen, ndege nzito za Uingereza zilipiga vikosi vya Kanada na Poland kwa makosa. Askari waliwasha moshi wa njano, uliokuwa alama rasmi ya vikosi rafiki. Marubani hawakuwa wameelezwa jambo hilo, na kwao njano ilikuwa rangi ya kuonesha shabaha. Kadiri askari walivyozidi kujitambulisha ndivyo walivyozidi kupigwa.

Mwaka huohuo tatizo hili liliwagusa Waafrika Mashariki huko Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye batalioni za King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilishuka bonde la Kabaw katika mvua za masika ya Asia, ikilishwa kwa ndege na kusaidiwa kwa ndege. Msitu uliondoa karibu kila kitu kilichofanya kazi jangwani: vitambaa havikuonekana chini ya miti, na picha ya anga ilionesha majani tu. Vituo vya mwongozo vilivyotembea na askari vilitegemea zaidi moshi wa makombora ya mota na mizinga, uliopenya majani na kumwonesha rubani pa kupiga. Katika nyingi ya batalioni hizo Kiswahili kilikuwa lugha ya amri, ilhali redio ya kuzungumza na rubani ilitumia Kiingereza. Kwa hiyo askari wa doria aliyeliona handaki la Wajapani kwa macho yake alimwambia ofisa wake kwa Kiswahili, ofisa akageuza maneno hayo kuwa tarakimu za ramani, na mwongozaji akazigeuza tena kuwa maneno ya rubani. Divisheni iliingia Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin, tarehe 2 Desemba 1944. Katika maandishi ya vita hivyo, ofisa na mwongozaji wametajwa kwa vyeo vyao. Yule wa kwanza, aliyeliona handaki, hutajwa kwa neno moja tu: doria.