Kuvu ya Mawe

Kuvu ya mawe ni jina la jumla la kuvu ziotazo juu na ndani ya mawe ya majengo ya kale, sanamu na makaburi, na kuyala taratibu kwa muda wa miaka mingi. Zilizo na madhara zaidi ni kuvu nyeusi, ambazo, kwa sababu ya rangi iitwayo melanini iliyomo katika kuta za seli zake, hustahimili jua kali na ukame, na hupata riziki yake katika vumbi na chavua iletwayo na upepo. Nyuzi zake hupenya baina ya chembe za marumaru na kuzitenganisha, hata uso wa jiwe ukatoboka vishimo. Na baadhi ya kuvu hutoa asidi, hususan ya oksaliki, inayoyeyusha kalisi kaboneti. Weusi wenyewe, ambao ni rahisi kudhaniwa kuwa masizi, hufyonza joto la jua. Mwaka 1997 wataalamu walieleza spishi mbili mpya, *Coniosporium perforans* na *Coniosporium apollinis*, zilizopatikana katika marumaru ya Delos, kisiwa cha Ugiriki ambacho hadithi za kale hukihesabu kuwa mazalio ya mungu Apollo. Mawe ya matumbawe, kama yale ya magofu ya Kilwa Kisiwani, nayo asili yake ni kalisi kaboneti, na kwa hiyo huathiriwa na asidi hizo hizo. Kusugua hakufai, kwani huondoa uso wa jiwe na kuziacha nyuzi zilizojificha ndani. Dawa za kuua kuvu nazo hulazimu kurudiwa.